Dawa ya meno yenye floraidi kwa mtoto asiyejua kutema: ianze lini, na iwe kiasi gani?

Mama Chipukizi anauliza:

Salaam kwa wazazi na walezi wote. Mwanangu anakaribia kutimiza miaka miwili. Meno yake ya mbele yametoka yote, juu na chini, na magego ya kwanza yameshachomoza. Hadi sasa tumekuwa tukimsafisha kwa mswaki laini na maji matupu. Tunataka kuanza kutumia dawa ya meno, lakini kila ninapotafuta mwongozo nakutana na maelezo yanayopingana.

Dawa tunayoitumia sisi watu wazima imeandikwa 1450 ppm ya floraidi, pamoja na tahadhari kwamba mtoto wa chini ya miaka 6 asimamiwe anapoitumia. Dawa za watoto nilizozitazama ni za aina mbili: moja ina 500 ppm, na nyingine haina floraidi kabisa na inasifiwa kwamba haidhuru ikimezwa. Mwanangu hajui kutema. Chochote kinachoingia kinywani, hasa chenye ladha tamu, hukimeza. Jambo jingine linalonitatiza ni picha za kwenye maboksi, ambazo huonyesha mswaki uliofunikwa dawa kutoka mwanzo wa nyuzi zake hadi mwisho, ilhali maandishi madogo yaliyo nyuma ya boksi yanataja kiasi kidogo sana.

Naomba kujua floraidi ianze kutumika lini, iwe na nguvu gani, iwekwe kiasi gani, na kuna hatari gani mtoto anapoimeza kila siku. Naomba mnipe na sababu, kwa maana nyumbani tuko watu wazima kadhaa tunaompigia mswaki mtoto huyu kwa zamu, na mama mkwe wangu, ambaye namheshimu sana na ndiye anayeshinda naye mchana, hatabadili jambo kwa kuambiwa tu kwamba ndivyo inavyotakiwa.

Tabibu wa Meno anajibu:

Dada Mama Chipukizi, umeuliza maswali ambayo wazazi wengi huyaleta kliniki mtoto akiwa tayari ana matundu. Mimi ni daktari wa meno na wagonjwa wangu wengi ni watoto, kwa hiyo nitajibu kwa urefu kidogo. Jibu lenyewe ni hili: tumia dawa yenye floraidi ya kutosha tangu jino la kwanza linapotokeza, lakini iwe kidogo mno, na aishike mtu mzima.

Nianze na kazi ya floraidi, kwa sababu mama mkwe akiielewa, mengine yatafuata. Bakteria wanaoishi ndani ya ukoga unaoganda juu ya meno hula sukari na kutoa asidi. Uchachu wa kinywa ukifikia pH 5.5 hivi au chini yake (pH ni kipimo cha uchachu, na namba yake hushuka uchachu unapozidi), madini ya kalisi na fosfeti huanza kutoka kwenye enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino. Baada ya muda mate huupoza uchachu huo na kurudisha sehemu ya madini yaliyopotea. Jino huoza pale upotevu unapozidi marejesho, siku baada ya siku. Floraidi iliyobaki kwenye mate na kwenye ukoga huharakisha marejesho hayo, na enameli iliyojengwa upya ikiwa na floraidi huvumilia asidi kali zaidi kuliko ile ya mwanzo. Kazi hiyo yote hufanyika juu ya uso wa jino, kwa hiyo mtoto hahitaji kumeza hata chembe ili anufaike. Maji matupu huondoa sehemu ya ukoga, jambo ambalo ni jema, lakini hayaachi chochote cha kulinda jino baada ya mswaki kuwekwa chini. Kwa meno ya utotoni ulinzi huo una uzito zaidi, kwa kuwa enameli yake ni nyembamba kuliko ya meno ya kudumu na tundu hufika kwenye kiini cha jino upesi.

Kuhusu nguvu, herufi ppm maana yake ni sehemu kwa kila milioni. Dawa ya 1000 ppm ina miligramu 1 ya floraidi katika kila gramu 1 ya dawa. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, mwaka 2010 yalionyesha kwamba uwezo wa kuzuia meno kuoza huonekana wazi kuanzia 1000 ppm na huongezeka kadiri nguvu inavyopanda. Kwa dawa zilizo chini ya hapo ushahidi haukutosha kuonyesha kwamba zinafanya kazi kuliko dawa isiyo na floraidi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa ya meno yenye floraidi katika orodha yake ya dawa muhimu, na nguvu iliyotajwa ni kati ya 1000 na 1500 ppm. Kwa sababu hiyo, ile ya 500 ppm singekushauri uitegemee, hata kama boksi lake limepambwa kwa ajili ya watoto. Tafuta ya 1000 ppm au zaidi kidogo. Ukikosa, hiyo mnayoitumia watu wazima inafaa, mradi uzingatie kiasi.

Kiasi ndicho kiini cha suala zima. Kuanzia jino la kwanza hadi mtoto anapotimiza miaka 3, weka dawa isiyozidi ukubwa wa punje moja ya mchele, au mpako mwembamba tu juu ya nyuzi za mswaki. Kuanzia miaka 3 hadi 6, kiasi cha punje moja ya njegere kinatosha. Piga mswaki mara mbili kwa siku, na mojawapo ya mara hizo iwe ndiyo jambo la mwisho kabla ya kulala, kwa kuwa mate hupungua sana usingizini na jino hubaki bila mlinzi wake wa kawaida.

Sasa tupige hesabu ya kumeza, ambayo ndiyo hofu yako. Punje ya mchele ina uzito wa takriban gramu 0.1, kwa hiyo dawa ya 1000 ppm ya kiasi hicho ina miligramu 0.1 ya floraidi. Mtoto akiimeza yote asubuhi na jioni, amepata miligramu 0.2 kwa siku, na ikiwa dawa ni ya 1450 ppm amepata karibu 0.3. Mswaki uliojazwa kama ule wa kwenye picha hubeba gramu 1 ya dawa au zaidi. Mtoto yuleyule akimeza dawa ya 1450 ppm ya kiasi hicho mara mbili kwa siku, anapata karibu miligramu 3, na hicho ni kiwango ambacho hakuna daktari wa meno angependa mtoto wa miaka miwili akipate kila siku. Kutoka 1000 hadi 1450 ppm floraidi haijaongezeka hata kwa nusu ya ilivyokuwa. Kutoka punje ya mchele hadi mswaki mzima imeongezeka mara 10. Ndiyo maana nasema jicho la mzazi likae kwenye kiasi kabla ya kukaa kwenye namba ya boksi.

Mama Asilia anajibu:

Nawasalimu nyote. Naheshimu maelezo ya daktari, lakini mimi kwa mtoto wangu wa kwanza nilielekezwa na mtaalamu nitumie dawa isiyo na floraidi hadi mtoto atakapojua kutema, na meno yake yako salama. Kwa nini wataalamu wabadilike? Mzazi anayesikia leo jambo lililo kinyume na la jana ana haki ya kusita, na sidhani kwamba kusita huko ni ujinga.

Tabibu wa Meno anajibu:

Dada Mama Asilia, si ujinga hata kidogo, na ushauri uliopewa ulikuwa wa kawaida kwa miaka mingi. Nchini Marekani, kwa mfano, mwongozo wa zamani ulisema mtoto wa chini ya miaka 2 asipewe dawa yenye floraidi bila kumwona mtaalamu kwanza. Mwaka 2014 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilibadili mwongozo huo na kushauri mpako wa ukubwa wa punje ya mchele tangu jino la kwanza. Sababu ni kwamba meno ya watoto wengi yalikuwa yanaoza kabla ya kufika umri wa kuruhusiwa floraidi, na tafiti zilikuwa zimeonyesha kwamba kiasi kidogo namna hiyo kinapunguza kuoza bila kuleta mzigo mkubwa wa floraidi mwilini. Kusubiri mtoto ajue kutema ni kusubiri hadi miaka 3 au zaidi, wakati meno yote 20 ya utotoni yameshatoka na mengine yamekaa kinywani zaidi ya miaka miwili bila kinga.

Meno ya mtoto wako kuwa salama ni jambo la kushukuru. Wapo watoto ambao hawali sukari mara kwa mara, wanasafishwa vizuri, na wanapita utoto wao bila tundu. Tatizo ni kwamba hatuwezi kujua mapema ni yupi atakayekuwa na bahati hiyo, na mtoto wa pili wa nyumba ileile anaweza kuwa tofauti kabisa.

Niongeze kwamba pande zote mbili za kosa ni za kweli. Taarifa ya Vituo vya Kudhibiti Magonjwa vya Marekani, CDC, ya mwaka 2019, iliyotokana na majibu ya wazazi katika utafiti wa kati ya 2013 na 2016, ilionyesha kwamba asilimia 38 hivi ya watoto wa miaka 3 hadi 6 walikuwa wakitumia dawa nyingi kuliko inavyoshauriwa, na papo hapo karibu asilimia 80 ya watoto walikuwa wameanza kupigiwa mswaki wakiwa na mwaka 1 au zaidi. Yaani wanachelewa kuanza, kisha wakianza wanazidisha. Anayeogopa floraidi na anayeijaza kwenye mswaki wote wanahitaji kusikia maelezo yaleyale.

Baba wa Mapacha anajibu:

Mimi si mtaalamu, ila nimewapigia mswaki watoto wawili kwa wakati mmoja, na ningependa kuongeza mambo ya utendaji, kwa sababu kujua kiasi ni rahisi kuliko kukifikisha kwenye magego ya mtoto anayefunga mdomo.

La kwanza ni kwamba mtoto asishike tyubu. Mtu mzima aweke dawa, kisha aisukume kwa kidole iingie kati ya nyuzi za mswaki. Ikikaa juu juu, mtoto huilamba yote kwa pigo la kwanza na mswaki unabaki na maji tu. Tyubu baada ya hapo irudi mahali pa juu, kwa sababu dawa zenye ladha ya matunda huwavutia watoto kuzinyonya. Mswaki wenyewe uwe na kichwa kidogo na nyuzi laini, na ubadilishwe nyuzi zinapoanza kupinda.

La pili ni mkao. Mtoto mdogo nampakata, kichwa chake kikiegemea kifuani kwangu na uso ukitazama mbele kama wangu, au namlaza chali huku mama yake akimshika mikono kwa upole. Kwa namna hiyo naona ninachokifanya. Nainua mdomo wa juu kwa kidole kimoja ili nifike kwenye mpaka wa jino na ufizi, kwani hapo ndipo ukoga hujificha, na uzi mwembamba wa nyama uliopo katikati ya mdomo wa juu naukinga kwa kidole hichohicho, maana mswaki ukiugonga mtoto huumia na kesho yake hukataa. Magego ya nyuma nayaanza kabla mtoto hajachoka, kisha meno ya mbele, ambayo ni rahisi, nayamalizia.

La tatu ni kuhusu kutema. Watoto wetu hawakujua kutema kwa muda mrefu, kwa hiyo tuliwainamisha kidogo na kupangusa povu lililozidi kwa kitambaa safi. Hatukuwapa maji ya kusukutua. Naomba daktari athibitishe kama hilo ni sahihi, kwa kuwa wazazi wengi hulishangaa.

Bibi Mlezi anajibu:

Wanangu, nawasoma kwa makini kwa sababu nalea wajukuu. Nina maswali mawili kwa daktari. Nimewaona watu wenye meno yenye madoa ya kahawia waliokulia sehemu za maji ya visima yenye floraidi nyingi, na ndiyo maana wengi wa umri wangu tunaiogopa. Je, anayekunywa maji ya namna hiyo naye apakwe dawa yenye floraidi? Na la pili, mjukuu wangu mmoja ana mstari mweupe juu ya meno ya mbele, karibu na ufizi. Nitajuaje kama hiyo ni floraidi kuzidi au ni mwanzo wa kuoza?

Tabibu wa Meno anajibu:

Shikamoo Bibi. Hofu yenu ina msingi, nami sitaki kuipuuza. Madoa mliyoyaona huitwa florosisi. Hutokea pale mtoto anapomeza floraidi nyingi kwa muda mrefu wakati enameli ya meno yake ya kudumu ingali inajengwa ndani ya taya. Kwa meno ya mbele ya juu, kipindi nyeti zaidi ni mwaka wa pili na wa tatu wa maisha, na baada ya miaka 8 hivi hatari hiyo kwa meno yanayoonekana huwa imekwisha. Florosisi inayoweza kutokana na kumeza dawa ya meno kwa kawaida ni mabaka meupe hafifu ambayo mara nyingi huonwa na daktari pekee. Madoa ya kahawia na enameli yenye vishimo hutokana hasa na maji ya kunywa yenye floraidi nyingi.

Kwa hiyo palipo na maji hayo, cha kurekebishwa kwanza ni maji. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapopungua kwa mvuke, floraidi hubaki yote na ukali wake huongezeka. Vichujio vya kawaida vinavyozuia tope na vijidudu navyo haviiondoi. Mtoto mdogo atafutiwe maji mengine ya kunywa na ya kupikia uji wake, kama maji ya mvua yaliyovunwa kwa usafi, au yaliyochujwa kwa mkaa maalumu wa mifupa. Dawa ya meno iendelee, kwa kipimo kilekile cha punje ya mchele, kwa sababu kinywa kinachokunywa maji hayo bado kinaweza kuoza mtoto akila sukari mara kwa mara. Asichopaswa kuongezewa ni vidonge au matone ya floraidi.

Kuhusu mjukuu, Bibi, hilo lina haraka. Mstari mweupe usiong'aa uliofuata ukingo wa ufizi, hasa kwenye meno ya mbele ya juu ya mtoto mdogo, mara nyingi ni mwanzo wa kuoza: ni sehemu iliyopoteza madini chini ya ukoga uliokaa hapo. Florosisi kwa kawaida hukaa kwa ulinganifu, jino la kulia likifanana na la kushoto, hutawanyika juu ya uso wa jino badala ya kufuata ufizi, na ni nadra kwenye meno ya utotoni. Hatua ya mstari mweupe bado inarudishika, kabla haijawa tundu. Ondoa ukoga hapo kila siku kwa dawa yenye floraidi, acha kumpa chupa ya maziwa au ya kinywaji chenye sukari ya kulalia usiku, na umpeleke kwa daktari wa meno, ambaye anaweza kumpaka vanishi ya floraidi, yaani dawa nzito ya floraidi inayopakwa na kuganda juu ya jino. Tafadhali usisubiri hadi alalamike maumivu.

Baba wa Mapacha, mko sahihi kabisa. Povu lipanguswe au litemwe, na mtoto asisukutue kwa maji, kwa sababu maji huiosha floraidi tuliyotoka kuiweka. Baada ya mswaki wa usiku asipewe kitu kingine isipokuwa maji ya kunywa akiona kiu.

Ikitokea mtoto ameifungua tyubu na kula sehemu kubwa, hapo ni jambo tofauti na kumeza kwa kawaida. Kiwango kinachohitaji hospitali bila kuchelewa ni miligramu 5 za floraidi kwa kila kilo ya uzito wa mtoto. Kwa mtoto wa kilo 12 hiyo ni miligramu 60, yaani takriban gramu 40 za dawa ya 1450 ppm. Kiasi kidogo kuliko hicho kinaweza kumchafua tumbo na kumtapisha. Mpeni maziwa, kwa kuwa kalisi yake huishika floraidi tumboni, na mkiona kiasi kilicholiwa kinakaribia kile nilichotaja, au hamjui ni kiasi gani, mwahisheni hospitali pamoja na tyubu yenyewe.

Mama Chipukizi anauliza tena:

Daktari, Baba wa Mapacha, na nyote mliojibu, nawashukuru kwa dhati. Hesabu ya gramu nimeiandika kwenye karatasi na nitaketi na mama mkwe tuisome pamoja. Nina swali moja la mwisho: binti wa dada yangu, mwenye miaka mitano, hujipigia mswaki mwenyewe na hujiwekea dawa mwenyewe. Anaachiwa lini?

Tabibu wa Meno anajibu:

Ajipigie, maana anajifunza, lakini mtu mzima amwekee dawa ya ukubwa wa njegere na amalizie kazi yeye. Mkono wa mtoto hauna ustadi wa kutosha kufikia magego ya nyuma hadi miaka 7 au 8 hivi, na hata baada ya hapo ni vyema akatazamwa. Kwa huyu wa miaka mitano kuna sababu ya ziada. Karibu na miaka 6, gego la kwanza la kudumu huota nyuma ya magego yote ya utotoni. Hakuna jino linalong'oka kulipisha, kwa hiyo wazazi wengi hawajui kwamba limefika na hulidhania kuwa la utotoni. Juu yake lina mifereji mirefu inayoshika chakula, na linapochomoza huwa chini kuliko majirani zake, hata mswaki unaopita kwa kawaida hulivuka bila kuligusa. Dada yako amfungue binti mdomo mwangani, atazame nyuma kabisa kila baada ya wiki chache, na akiliona linachomoza, auingize mswaki kutoka pembeni mwa shavu na kulisugua peke yake kabla ya kuendelea na mengine.